Kodi ya shamba na kodi ya mji katika mizani ya uadilifu

  

Ndugu msomaji, jambo la kodi huzungumzwa kwa namna mbili katika nchi yetu, na mara nyingi wanaozungumza ni ndugu wa tumbo moja. Aliyeko mjini husema kwamba yeye ndiye anayeibeba serikali: mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia mkononi, kila anachonunua dukani kina kodi ndani yake, na chumba alichopanga kina kodi ya jengo. Humtazama ndugu yake wa kijijini akadhani kuwa huyo hailipi serikali chochote. Aliyeko kijijini naye husema kwamba mjini ndiko kuliko na lami, umeme, maji ya bomba na hospitali kubwa, na kwamba kila gunia linalotoka shambani kwake hukutana na mkono ulionyooshwa kabla halijafika sokoni.

Ni nani kati ya wawili hawa mwenye haki? Uislamu haukuliacha swali hili bila mwongozo, kwa kuwa mali ya mtu ina heshima mbele ya Sheria kama ilivyo damu yake na utu wake. Makala hii inakusudia kuonesha kwamba uzito wa kodi haupimwi kwa kiasi kilichotolewa, bali hupimwa kwa kile kilichobaki kwa mtoaji, kwa jasho alilolimwaga, na kwa manufaa yaliyomrudia. Ukiishika mizani hiyo, utaona kwamba kwa zaidi ya miaka mia moja mkulima mdogo wa nchi zetu amebeba mzigo ambao wengi wa mjini hawajauona.

Ushuru wa kumi na nusu yake

Tuanze na Sheria yenyewe. Katika Suratul An'aam, aya ya 141, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametaja bustani, mitende na mazao ya namna mbalimbali, kisha akaamrisha itolewe haki yake siku ya kuvunwa kwake, na akakataza kuvuka mipaka. Mtume (S.A.W.) akaibainisha haki hiyo. Katika Hadithi aliyoipokea Ibn Umar (R.A.), iliyomo ndani ya Sahihi ya Bukhari, mazao yaliyonyweshwa na mvua au chemchemi hutolewa sehemu moja ya kumi, na yaliyonyweshwa kwa kuteka maji hutolewa nusu ya sehemu hiyo.

Tafakari hekima iliyomo humo. Shamba ni lile lile na zao ni lile lile, lakini mkulima aliyetoka jasho kuteka maji amepunguziwa nusu. Wanazuoni wa zama zetu wamelinganisha na hilo yule anayemwagilia kwa pampu ya mafuta. Na wakasema kwamba aliyetegemea mvua nusu ya msimu na pampu nusu yake, hutoa robo tatu ya sehemu ya kumi, yaani asilimia 7.5. Jasho na gharama vimeingia katika hesabu tangu mwanzo.

Jambo la pili ni kiwango cha chini. Abu Said al-Khudri (R.A.) amepokea kwa Mtume (S.A.W.) kwamba mazao yasiyofika wasaki tano hayana Zaka, na Hadithi hiyo imo ndani ya Bukhari na Muslim. Wanazuoni wengi wa zama hizi wanakadiria wasaki tano kuwa takriban kilo 650. Imam Abu Hanifa alikuwa na rai nyingine kuhusu kiwango hicho, lakini madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wa mwambao wetu, yanakizingatia. Maana yake ni kwamba mkulima aliyepata magunia sita ya mahindi ya kilo mia mia, hadaiwi kitu. Akipata magunia ishirini kwa mvua, atatoa mawili. Akiyapata kwa pampu, atatoa moja.

Jambo la tatu ni kwamba Zaka hii hutolewa katika zao lenyewe. Mwenye shamba halazimiki kukimbilia sokoni siku ya mavuno, wakati bei iko chini kabisa, ili apate fedha za kumpa mkusanyaji. Na mazao yakiharibiwa na ukame au nzige kabla ya kuvunwa, hapana dai.

Jambo la nne ni wapi inakokwenda. Mtume (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) Yemen, alimfahamisha kwamba Zaka huchukuliwa kwa matajiri wa watu wale na kurudishwa kwa mafukara wao wenyewe. Alimhadharisha asichague mali zao zilizo bora kabisa, na akamhofisha na dua ya aliyedhulumiwa, ambayo haina kizuizi baina yake na Mwenyezi Mungu.

Huenda msomaji akauliza: je, sehemu moja ya kumi si kubwa kuliko ushuru wa mazao wa asilimia 2 au 3 unaotozwa na halmashauri? Kwa hesabu ya haraka ni kubwa. Lakini asilimia peke yake haioneshi uzito. Zaka ina kiwango cha chini kinachomlinda maskini, hupungua pale gharama inapozidi, hutolewa katika zao na si katika fedha isiyokuwepo, na hurudi kwa jirani mwenye haja. Mambo manne hayo ndiyo mizani yetu. Natuyashike mkononi tunapoitazama historia ya kodi katika nchi yetu.

Kodi ya kibanda, kodi ya kichwa

Utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya kibanda katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1898. Kwa nyumba ya kijijini kiwango kilikuwa rupia 3. Hakuna aliyeuliza mwenye kibanda amevuna nini. Na kwa kuwa kodi ilitakiwa kwa fedha, au kwa kazi kwa asiyekuwa nazo, mkulima aliyekuwa akilima chakula cha nyumbani alilazimika kutafuta rupia kwa kulima zao la kuuza au kwa kwenda kufanya kibarua katika mashamba ya walowezi. Kodi haikuwa njia ya kukusanya fedha tu, ilikuwa pia njia ya kumsukuma mtu aache shamba lake. Ilipoongezewa kilimo cha pamba cha kulazimishwa katika maeneo ya kusini, watu wa Umatumbi waliinuka Julai 1905, na Vita vya Majimaji vikaendelea hadi 1907. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliendelea na kodi ya kibanda na kodi ya kichwa.

Baada ya uhuru, mwaka 1969, kodi ya kichwa ya serikali za mitaa ilifutwa. Lakini serikali za mitaa zilipofufuliwa kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi mwaka 1984, ilirudi kwa jina jipya: kodi ya maendeleo. Walio na umri wa kuanzia miaka 18 walitakiwa kulipa, na katika halmashauri nyingi kiwango kilikuwa kimoja kwa mwenye ng'ombe mia na asiyekuwa na kuku. Wazee wanakumbuka mgambo waliopita alfajiri nyumba kwa nyumba, vizuizi vya barabarani ambapo risiti ya kodi ilidaiwa kama pasi ya kusafiria, na wanaume waliolala porini msimu wa ukaguzi. Watafiti Odd-Helge Fjeldstad na Joseph Semboja, walioichunguza kodi hii, walieleza jinsi ukali wa ukusanyaji na udhaifu wa huduma zilizotolewa ulivyowafanya watu waikwepe.

Serikali ya Tanzania iliifuta kodi ya maendeleo mwaka 2003, pamoja na ushuru mwingi mdogo mdogo ambao wananchi waliuita kodi za kero, na Hazina ikaanza kuzipa halmashauri ruzuku kufidia pengo. Uganda nayo iliacha kodi yake ya kichwa mwaka 2005. China, ambayo wakulima wake walilipa kodi ya kilimo kwa zaidi ya miaka 2,000, iliifuta kuanzia Januari 1, 2006. Nchi hizo zina historia tofauti, lakini zote tatu zilifikia kukiri kwamba mkulima mdogo alikuwa amebebeshwa mzigo usiolingana na uwezo wake.

Kodi isiyokuwa na risiti

Hata hivyo, kodi ya kichwa ilikuwa ile inayoonekana. Ipo nyingine kubwa zaidi ambayo mkulima hakupewa risiti yake, nayo ni ile iliyofichwa ndani ya bei.

Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi nyingi zilizotoka kupata uhuru ziliweka bodi na mamlaka za mazao zenye haki ya pekee ya kununua. Hapa kwetu vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na mamlaka za mazao zikashika nafasi yake hadi sheria ya 1982 iliporuhusu ushirika kurudi. Mkulima wa kahawa, pamba au korosho aliuza kwa mnunuzi mmoja kwa bei iliyopangwa. Tofauti kati ya bei hiyo na bei ya soko la dunia ilikwenda kulipia gharama za mamlaka, na pia ikaingia Hazina. Kisha ikaja thamani ya fedha. Shilingi ilipowekwa juu kuliko thamani yake ya kweli, dola iliyoletwa na zao la mkulima ilibadilishwa kwa shilingi chache, wakati bidhaa za nje zilizotumika zaidi mjini zikawa rahisi.

Benki ya Dunia ilifadhili utafiti mkubwa katika nchi 18 zinazoendelea, ukihusu miaka ya 1960 hadi 1985, ulioongozwa na Anne Krueger, Maurice Schiff na Alberto Valdés. Waligundua kwamba kwa wastani kilimo kilitozwa takriban asilimia 30. Katika hizo, kiasi cha asilimia 8 tu ndicho kilichotokana na sera za moja kwa moja juu ya mazao. Asilimia 22 zilizobaki zilitokana na thamani ya fedha na ulinzi wa viwanda. Yaani sehemu kubwa ya mzigo haikuonekana katika daftari lolote la kodi. Kabla yao, mwaka 1977, mtaalamu wa uchumi Michael Lipton alikuwa ameandika kitabu akieleza kwamba maskini hubaki maskini kwa sababu sera za nchi nyingi huelemea upande wa mji, kwa kuwa mjini ndiko kwenye sauti.

Mageuzi ya miaka ya 1980 na 1990 yaliondoa sehemu kubwa ya mzigo huo, lakini mazoea hayakufa. Tanzania ilizuia mahindi kuuzwa nje mwaka 2011 na tena mwaka 2017. Kusudio lilikuwa jema, nchi isiingie njaa. Lakini nani aligharimia unga wa bei nafuu mjini? Aligharimia mkulima wa Rukwa na Ruvuma, ambaye gunia lake liliporomoka bei huku mnunuzi wa ng'ambo ya mpaka akilihitaji. Hisani ya kuwalisha watu ni wajibu wa jamii nzima, na si uadilifu kumwachia mmoja ailipie peke yake.

Hesabu ya mkulima mmoja

Tuutazame ushuru wa mazao kwa mfano. Tuseme mkulima ameuza mazao ya shilingi 1,000,000, na mbegu, mbolea, vibarua na usafiri vimemgharimu shilingi 800,000. Chumo lake ni shilingi 200,000. Ushuru wa asilimia 5 ni shilingi 50,000, nao ni robo nzima ya chumo. Ukishushwa kuwa asilimia 3, ni shilingi 30,000, yaani asilimia 15 ya chumo. Na mwaka mbaya, akiuza kwa shilingi 700,000 kwa gharama zile zile, amekula hasara ya shilingi 100,000, lakini ushuru wa shilingi 21,000 uko pale pale.

Sheria husema ushuru huo hulipwa na mnunuzi. Ni kweli katika karatasi. Lakini mnunuzi anayejua kwamba atatozwa getini huupunguza katika bei anayompa mkulima, na mkulima mwenye deni la pembejeo na asiyekuwa na ghala hana nguvu ya kumkatalia.

Sasa mlinganishe na mfanyakazi wa mjini. Tangu mwaka 2020, kiwango cha chini cha mshahara kinachotozwa kodi Tanzania Bara kilipandishwa kutoka shilingi 170,000 hadi 270,000 kwa mwezi. Hii ni sawa na shilingi 3,240,000 kwa mwaka zisizotozwa kodi hiyo. Serikali imetambua kwamba mwenye mshahara mdogo anahitaji kwanza kula, kuvaa na kulipia pango, na hilo ni jambo la kushukuriwa, kwani linafanana na hekima ya wasaki tano. Lakini mkulima wetu wa mfano, ambaye chumo lake la mwaka halifiki mshahara wa mwezi mmoja wa huyo asiyetozwa, yeye ushuru umemfikia.

Ni haki kutaja pia lililofanyika vema. Mwaka 2017 serikali iliushusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, na ikamwondolea ushuru anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Hapo sheria ya dunia ilisogea karibu na mafunzo ya wasaki tano, hata kama walioitunga hawakulikusudia hilo.

Wa mjini naye ana kilio chake

Tusije tukamdhulumu mtu wa mjini kwa kumtetea wa shamba. Sehemu kubwa ya mapato ya taifa hukusanywa mijini, na Kodi ya Ongezeko la Thamani, iliyoanza nchini mwaka 1998 kwa asilimia 20 na kushushwa hadi 18 mwaka 2009, humgusa kila anayenunua sabuni. Mjini nako wamo maskini. Vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo vilivyotolewa kuanzia Desemba 2018 viliuzwa kwa shilingi 20,000. Viliwapumzisha wengi na usumbufu wa ushuru wa kila siku, lakini kiwango kilikuwa kimoja kwa mama anayeuza maandazi na kwa mwenye meza iliyojaa simu.

Na zipo tozo zinazowagusa ndugu wawili hao kwa pamoja. Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, ya kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa kila muamala, kutegemea kiasi. Fedha ambayo mtoto aliyeko Dar es Salaam alimtumia mama yake kijijini ilikuwa imekwisha kukatwa kodi katika mshahara, kisha ikakatwa tozo njiani. Wananchi walilalamika, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Ikapunguzwa tena mwaka 2022, na mwaka 2023 tozo ya kutuma fedha ikafutwa. Kumhudumia mzazi ni wajibu wa kidini, na sheria ya kodi iliyo njema hujihadhari isiuzibe mlango huo.

Imepokewa kwa Mtume (S.A.W.) kwamba dirhamu moja iliishinda dirhamu laki moja, kwa kuwa aliyetoa moja alikuwa na mbili tu, na aliyetoa laki alichota pembeni mwa mali nyingi. Hadithi hiyo ni ya sadaka, lakini inatufunza kuuangalia mkono uliotoa umebaki na nini.

Mwendo wa viongozi wema

Wapo wasemao kwamba Uislamu haujui kodi isipokuwa Zaka. Wanazuoni wakubwa, kama Imam Ghazali na Imam Shatibi, walimruhusu mtawala kutoza zaidi inapokuwepo haja ya kweli na hazina ikawa tupu. Lakini walioruhusu waliweka masharti: haja iwe ya kweli, mzigo ugawanywe kwa uadilifu, na fedha itumike kwa manufaa ya umma. Inasimuliwa kwamba Sultan Baybars alipotaka fatwa ya kutoza raia wa Sham kwa ajili ya vita, Imam Nawawi alikataa kuitia saini hadi dhahabu ya watumwa na wajakazi wa kasri itolewe kwanza. Mwenye anasa huanza kabla ya mwenye jembe.

Sayyidna Umar (R.A.) aliwatuma Hudhayfa na Uthman bin Hunayf kuipima na kuitoza ardhi ya Iraq. Imam Bukhari amepokea kwamba, siku chache kabla ya kuuawa kwake, Umar aliwauliza kama hawakuitwisha ardhi mzigo isioweza. Wakamjibu kwamba wameitwisha inachoweza kubeba. Akawataka walitazame tena jambo hilo, kisha akasema kwamba Mwenyezi Mungu akimweka hai, atawaacha wajane wa Iraq wakiwa hawamhitaji mtu baada yake. Hazikupita siku nne akachomwa kisu msikitini. Huyu ni kiongozi wa dola kubwa, na miongoni mwa mambo yaliyomshughulisha katika siku zake za mwisho lilikuwa mzigo wa mkulima wa mbali na mjane wa kijijini. Na katika Mwaka wa Majivu, mwaka wa 18 Hijria, ukame ulipoiteketeza Hijazi, amepokea Abu Ubayd katika Kitabul Amwal kwamba Umar aliahirisha kukusanya Zaka hadi watu walipopata mvua.

Kadhi Abu Yusuf, aliyefariki mwaka 182 Hijria, alimwandikia Khalifa Harun Rashid kitabu chake cha Kharaj. Alipendekeza kodi ya ardhi ifuate sehemu ya mavuno badala ya kiwango kisichobadilika, na akalaani desturi ya kumuuzia mtu binafsi haki ya kukusanya kodi, kwa kuwa mtu huyo hukamua ili apate faida juu ya alicholipa. Halmashauri zetu nyingi zilijaribu njia hiyo tangu miaka ya 1990 kwa kuwapa mawakala zabuni za ushuru wa masoko na mazao. Utafiti uliochapishwa na taasisi ya REPOA mwaka 2009 ulionesha kwamba kulikuwa na mahali ambapo wakala alibaki na sehemu kubwa mno ya makusanyo. Onyo la Abu Yusuf lilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 1,200.

Kurudisha kwa waliotoa

Sharti la fedha kuwarudia watu wake lina ushahidi wa karibu katika mikoa ya Mtwara, Lindi na Pwani, ambako korosho ndiyo ada ya shule na nguo za Idi. Korosho ghafi inayosafirishwa nje hutozwa ushuru, kwa lengo la kuhimiza ubanguaji nchini. Kwa miaka kadhaa sheria ilielekeza asilimia 65 ya fedha hiyo iende kuliendeleza zao lenyewe, kwa salfa, miche na utafiti. Mwaka 2018 sheria ilibadilishwa, fedha yote ikaelekezwa Mfuko Mkuu wa Serikali, na wabunge wa kusini wakapinga kwa nguvu bungeni. Hatusemi kwamba fedha ya Mfuko Mkuu haina kazi njema. Tunasema kwamba mkulima aliyezoea kuona salfa ikitokana na korosho yake alikuwa na haki ya kuuliza anarudishiwa nini. Suratul Hashr, aya ya 7, inatutahadharisha mali isiwe ya kuzunguka baina ya matajiri peke yao.

Wajibu wa kila mmoja wetu

Baada ya kuyasema haya, familia ya Kiislamu ifanye nini?

Kwanza, mkulima aijue Zaka yake. Anayevuna nafaka kama mahindi, mpunga au mtama apime mavuno yake siku ya kupura, na yakifika kiwango atoe bila kusubiri kudaiwa. Mwenye korosho au kahawa, kwa madhehebu ya Shafi, hana Zaka katika zao lenyewe, lakini fedha aliyoiuza ikifika kiwango na kupitiwa na mwaka ina asilimia 2.5. Ushuru wa halmashauri hauiondoi Zaka, kwa maana hauendi kwa wale wanane waliotajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60.

Pili, mfanyabiashara anayenunua kijijini amuogope Mwenyezi Mungu katika kipimo. Lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu likapita kilo mia moja, ni kodi nyingine anayotozwa mkulima, na mtozaji wake si serikali bali ni sisi wenyewe. Suratul Mutaffifin imefunguliwa kwa onyo kali dhidi ya wapokeao kwa kipimo kamili na kutoa pungufu. Haifai mtu kulalamikia ushuru wa asilimia 3 hali yeye amechukua debe zima bila malipo.

Tatu, mkazi wa mjini asiidharau kodi. Anayeuza bila kutoa risiti, na mteja anayekubaliana naye ili wagawane punguzo, wajue kwamba pengo wanaloliacha litazibwa na mtu mwingine, na huyo mara nyingi ni yule asiyekuwa na pa kukimbilia.

Nne, mkusanyaji wa ushuru akumbuke kisa cha Ibn al-Lutbiyya. Alirudi kutoka kukusanya Zaka akasema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa mimi. Mtume (S.A.W.) alipanda mimbari akauliza mtu huyo angekaa nyumbani kwa wazazi wake, zawadi hiyo ingemfuata? Pesa ya getini isiyoandikwa katika risiti ina hukumu hiyo hiyo.

Tano, wanakijiji wahudhurie mkutano wa kijiji na wadai kusomewa mapato na matumizi. Kuuliza kwa adabu si uasi, kwani Suratun Nisaa, aya ya 58, imeamrisha amana zifikishwe kwa wenyewe.

Ndugu zangu, wakati wa chakula cha mchana leo baada ya sala ya Ijumaa, wali au ugali utakaokuwa sahanini umetoka kwenye shamba la mtu. Huenda mtu huyo amelipia getini, akapunjwa kwenye gunia, na bado mwanawe anakwenda shule isiyo na madawati. Tusidhani kwamba haikumgharimu kitu. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awape viongozi wetu hofu aliyokuwa nayo Umar juu ya mzigo wa ardhi, awape wafanyabiashara wetu kipimo cha haki, avibariki vilivyomo mashambani mwetu, na atuepushe sote na dua ya aliyedhulumiwa. Amin.